Kikundi kipi cha kuacha pombe kitakufaa? AA, SMART, NA, cha kanisani au cha mtandaoni

"Tafuta kikundi." Daktari husema hivyo, mchungaji husema hivyo, na shemeji aliyekata tamaa naye husema hivyo. Ushauri ni mzuri, lakini mwenye shida huachwa njia panda, kwa sababu vikundi vya watu wanaoacha pombe havifanani hata kidogo. Kimoja huanza kwa sala, kingine kwa karatasi na kalamu. Katika kimoja, ukishazungumza hakuna atakayekujibu. Katika kingine utaulizwa mpaka ueleze utafanya nini Jumamosi harusini. Mtu akiingia pasipomfaa mara ya kwanza huondoka akiamini kwamba vikundi vyote ndivyo vilivyo, na jioni hiyohiyo anakuwa na sababu mpya ya kunywa.

Msimamo wangu niuseme mapema. Jina la kikundi lina uzito mdogo kuliko mambo matatu: kama unaweza kukifikia kila wiki bila kuhangaika, kama unaweza kusema ukweli mbele ya watu waliomo, na kama yumo angalau mtu mmoja aliyeacha pombe muda mrefu kabla yako. Yote nitakayolinganisha hapa chini nayapima kwa hayo matatu.

Kwanza mwili

Kama unakunywa kila siku, na asubuhi mikono inatetemeka mpaka uzimue, usiache ghafla nyumbani peke yako kwa kutegemea mkutano. Dalili za mwili kunyimwa pombe huanza takriban saa 6 hadi 24 baada ya kinywaji cha mwisho. Degedege huweza kuja ndani ya siku mbili za kwanza. Kuchanganyikiwa, kutokwa jasho jingi na kuona vitu visivyokuwepo huja zaidi kati ya siku ya 2 na ya 4, na hali hiyo huua watu ambao wangepona kwa urahisi wangekuwa wodini. Hospitali ina dawa za kutuliza na vitamini B1 ya kukinga ubongo. Mtu aliyewahi kupata degedege alipojaribu kuacha aanzie kwa daktari, mkutano ufuate. Hapa hakuna cha kulinganisha.

AA: kikundi kinachopatikana sehemu nyingi zaidi

AA, yaani Alcoholics Anonymous, ilianza mwaka 1935 mjini Akron, Ohio, pale mfanyabiashara wa hisa kutoka New York na daktari mpasuaji, wote wawili walevi, walipoona kwamba kuzungumza wao kwa wao kuliwazuia kunywa, jambo ambalo mawaidha ya wasiokunywa hayakuweza. Mpaka leo mtambo wake ni huohuo: mlevi anamsikiliza mlevi.

Mkutano huchukua saa moja au saa moja na nusu. Anayeuongoza ni mwanachama kama wengine. Hana cheo wala mshahara. Mara nyingi hufunguliwa kwa Sala ya Utulivu, ile ya kuomba kukubali yasiyobadilika na kupata ujasiri wa kubadili yanayobadilika. Husomwa Hatua 12, yaani mwongozo wa AA wa kupona unaopitiwa hatua kwa hatua, kisha mtu mmoja husimulia alikotoka, au hutajwa mada na kila mmoja akasema lake. Anayesema hutaja jina moja tu. Ukifikiwa na hujisikii, unasema, "Leo nasikiliza," na zamu inaendelea. Kikapu hupitishwa kwa ajili ya kodi ya chumba na chai, lakini mgeni hatarajiwi kutoa kitu. AA haipokei pesa za serikali, kanisa wala kampuni, na sharti pekee la kuwa mwanachama ni kutaka kuacha kunywa. Hakuna fomu ya kujaza.

Kinachowashangaza wageni wengi ni kwamba hakuna kujibizana. Unaeleza jinsi ulivyouza mabati ya nyumba ya mama yako ili unywe, halafu wanasema tu, "Asante," na anayefuata anaanza lake. Anayetafuta ushauri wa moja kwa moja huona kama ametelekezwa. Lakini aliyehubiriwa na ukoo mzima kwa miaka kumi hukuta pumziko ambalo hajawahi kulipata kwingine. Jiulize wewe ni yupi kati ya hao wawili. Swali hilo peke yake litakuokolea miezi. Ushauri wa ana kwa ana upo pia, ila hutolewa nje ya mkutano na sponsa, yaani mwanachama aliyekaa muda bila pombe, akapitia Hatua zote, na akakubali kupigiwa simu usiku hamu ikikamata.

Mikutano ni ya aina mbili, na ni vizuri kuuliza kabla ya kwenda. Ya wazi huruhusu mtu yeyote: mke, muuguzi, mwanafunzi wa chuo. Ya faragha ni ya wenye tatizo la pombe pekee. Kama hofu yako kubwa ni kuonekana, anza na ya faragha, maana kila utakayemkuta humo amekuja kwa sababu ileile. Kama unataka kwenda na dada yako akushike mkono siku ya kwanza, tafuta ya wazi.

Suala la Mungu lazima nilizungumzie. Hatua zinataja Nguvu iliyo kuu kuliko sisi, na Mungu "kama tulivyomwelewa". Kimaandishi mlango umeachwa wazi kwa Mwislamu, kwa Mkristo na kwa asiyeamini. Kwa vitendo, mkutano huchukua rangi ya waliomo, na katika miji yetu rangi hiyo mara nyingi ni ya Kikristo. Vikundi vingine hufunga kwa Baba Yetu. Mwislamu anaweza kunyamaza wakati huo na hakuna atakayemuuliza. Bado ni haki yake kutafuta mahali asipolazimika kunyamaza, na nitarudi kwenye hilo.

Je, inafanya kazi? Mapitio ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wa tiba, yalikusanya tafiti 27 zenye washiriki 10,565. Katika programu za wataalamu zilizowaunganisha watu na AA, baada ya mwaka mmoja watu 42 katika kila 100 walikuwa hawajagusa pombe kabisa, dhidi ya 35 katika 100 waliopata tiba nyingine zinazotambulika, ikiwemo tiba ya kubadili fikra na mienendo. Tofauti si ya miujiza, lakini ni kubwa ya kutosha kwa kitu kisichotoza ada.

SMART: kwa anayetaka zana mkononi

SMART Recovery ilianzishwa Marekani mwaka 1994 na watu waliotaka msaada wa wenzao bila lugha ya kiroho. Inasimama juu ya nguzo nne: kujenga ari ya kuacha na kuitunza, kukabili hamu, kusimamia mawazo na hisia na mienendo, na kuishi maisha yenye uwiano. Huhitaji kujiita mlevi. Hakuna sponsa. Anayeongoza amepata mafunzo maalumu, na huenda hajawahi kuwa mraibu.

Tofauti na AA unaihisi ndani ya dakika kumi. Hapa mnajibizana. Unaweza kupewa karatasi uigawe sehemu nne: faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kuacha, hasara za kuacha. Kuandika faida za kunywa huwatisha wengi, lakini ndipo ukweli unapojitokeza: kwamba pombe ndiyo iliyokupa usingizi baada ya msiba, au ndiyo iliyokupa marafiki ulipohamia mjini. Ukishajua pombe ilikuwa inafanya kazi gani, unaweza kuitafutia kazi hiyo mtu au kitu kingine cha kuifanya.

Udhaifu wake kwetu ni upatikanaji. Kwa mtu aliye Mwanza au Eldoret, SMART mara nyingi itamaanisha mkutano wa mtandaoni kwa Kiingereza. Pia haina ile simu ya sponsa saa nane usiku. Kwa mtu mwenye familia inayomwelewa na kazi inayompa ratiba, hilo si pengo kubwa. Kwa aliyebaki peke yake chumbani, marafiki wote wakiwa wale wa kilabuni, mimi ningempeleka AA kwanza, halafu SMART achukue kama nyongeza. Hakuna kinachokataza kuhudhuria vyote viwili.

Utafiti mmoja wa Marekani uliochapishwa 2018 uliwafuatilia watu waliokuwa kwenye vikundi vya Hatua 12, SMART, na vikundi vingine viwili visivyo vya Hatua 12, LifeRing na Women for Sobriety. Waliolenga kuacha kabisa walifanikiwa kwa viwango vinavyokaribiana bila kujali kikundi, na aliyejihusisha kwa dhati ndiye aliyefaidika zaidi. Ndiyo maana sipendi mabishano ya kikundi kipi ni bora duniani.

NA na nyumba za upataji nafuu

Mtu wa pombe anaweza kuingia NA, Narcotics Anonymous, iliyoanza California mwaka 1953, kwa sababu kwao pombe nayo ni dawa ya kulevya. Inafuata Hatua 12 pia, ila inazungumzia uraibu badala ya kilevi kimoja. Hili lina maana kubwa katika pwani yetu. Zanzibar, nyumba za upataji nafuu, ambazo wengi huziita soba hausi, zilikua kwa sababu ya heroini, na mikutano ya NA ni sehemu ya maisha yake. Mombasa nako NA ina mizizi. Kuna machapisho ya NA kwa Kiswahili, jambo linalomsaidia sana asiyestarehe na Kiingereza.

Kama unachanganya pombe na bangi, miraa au vidonge, NA itakuelewa haraka zaidi, na hutalazimika kukata hadithi yako nusu. Kama tatizo lako ni mbege au gongo tu, na umri wako ni miaka hamsini na mitano, huenda ukakaa kati ya vijana wanaosimulia sindano na ukajiambia, "Mimi sijafika huko." Wazo hilo ni hatari, limewarudisha wengi kilabuni. Ukiligundua kichwani mwako, hama kikundi kabla hujaacha vikundi vyote.

Nyumba ya upataji nafuu yenyewe si mkutano. Ni mahali pa kuishi kwa miezi kadhaa, mara nyingi kwa malipo. Familia nyingi hukimbilia huko kwanza kwa sababu angalau mtu anaondoka nyumbani. Kabla ya kulipa, uliza jambo moja: akitoka, atahudhuria kikundi gani, wapi, siku gani? Nyumba isiyo na jibu la swali hilo inamrudisha mtu wako mtaani kwake akiwa na nguo safi tu.

Kikundi cha kanisani au cha Kiislamu

Nguvu ya kikundi cha dini ni ukaribu. Kipo mtaani, kinatumia lugha yako, na ukikosa wiki mbili mtu atabisha hodi. Wakatoliki wa Kenya wanawajua Pioneers, chama cha kutokunywa kilichoanzishwa Dublin mwaka 1898; huko mtu huweka ahadi na kuvaa beji ya Moyo Mtakatifu. Ahadi hiyo inamfaa sana kijana ambaye hajaanza au aliyeanza juzi. Kwa mraibu aliyekomaa, ahadi bila mahali pa kusema, "Jana nimekunywa," humzidishia kuficha. Celebrate Recovery, iliyoanzia katika kanisa la Saddleback, California, mwaka 1991, iko karibu zaidi na AA kwa sababu inatumia Hatua 12 zilizofungamanishwa na Biblia, na ina vikundi vidogo vya wanaume na wanawake kando kando.

Swali la kupima kikundi cha kanisani ni usiri. Je, utakayoyasema Alhamisi yatageuka ombi la maombi Jumapili, kwa jina lako? Muulize kiongozi waziwazi kabla hujafungua kinywa. Kama jibu linayumba, nenda pale kwa ajili ya ibada, na mambo ya pombe uyapeleke kikundi kingine.

Kwa Mwislamu aibu huwa nzito zaidi, maana anabeba ulevi na hukumu ya kuonekana amekiuka jambo lililo wazi. Wengi hujificha kwa miaka. Millati Islami, iliyoanzishwa Baltimore mwaka 1989 na Waislamu waliokuwa wakiacha ulevi na dawa, ilizipanga upya Hatua 12 kwa misingi ya dini yao. Kwa aliye Muscat, Zanzibar au Lamu, njia rahisi ya kuifikia ni mtandaoni, na Kiingereza kinahitajika. Jambo dogo la ratiba: mikutano mingi ya jioni katika miji yetu hugongana na futari wakati wa Ramadhani. Uliza mapema kama kikundi kitasogeza saa, ili mwezi wenye hamasa kubwa usiwe mwezi unaokukatisha.

Ana kwa ana au kwa simu?

Chumba chenye watu kinashinda. Nasema hivyo nikijua vizuri kwamba mtu wa Njombe au Lodwar hana chaguo hilo kila mara. Katika ukanda huu Kenya, na hasa Nairobi, ndiyo yenye mikutano mingi ya AA. Tanzania ipo michache, zaidi mijini. Kinachofanya chumba kishinde ni dakika ishirini baada ya mkutano, watu wakishika vikombe vya chai. Hapo ndipo namba za simu hubadilishwa na mzee mmoja anakwambia, "Kesho ukifunga kazi, nipigie kabla hujafika stendi."

Mtandao nao una faida mbili ambazo chumba hakina. Unaweza kuzima kamera na kusikiliza majuma kadhaa kabla hujasema neno. Na unaweza kuhudhuria kila siku hata kama mji wako una mkutano mmoja tu kwa wiki. Katika siku 30 za kwanza hilo ni jambo la maana sana. Badili jina linaloonekana kwenye programu kabla hujaingia, maana simu nyingi huonyesha jina kamili la mwenyewe. Weka bando la kutosha, au zima video ili lisiishe katikati.

Kinachowakwaza wengi ni saa. Mkutano wa New York wa saa mbili usiku kwa saa zao huangukia saa tisa usiku kwetu wakati wa kiangazi chao, na saa kumi alfajiri wakati wa baridi. Usijitese. Tafuta mikutano ya adhuhuri ya New York, ambayo kwetu ni saa moja au saa mbili usiku. Uingereza ni rahisi zaidi: mkutano wao wa saa kumi na mbili na nusu jioni ni saa mbili na nusu usiku kwetu, au saa tatu na nusu wakishabadili saa zao mwishoni mwa Oktoba. Afrika Kusini iko nyuma yetu kwa saa moja tu mwaka mzima, na AA yake ni kubwa. Ningeanza kutafuta huko.

Muhimu kuliko yote, linganisha saa ya mkutano na saa yako ya kunywa. Kenya, sheria ya vileo ya mwaka 2010 iliweka saa kumi na moja jioni kuwa mwanzo wa kuuza katika baa siku za kazi. Kwa mfanyakazi wa Nairobi, mkutano wa saa kumi na moja na nusu una thamani mara mbili ya ule wa Jumamosi asubuhi, hata kama wa Jumamosi una watu unaowapenda zaidi. Anayekunywa peke yake usiku wa manane atafute mkutano wa mtandaoni wa usiku.

Wanawake, na walio nyumbani

Mwanamke akiingia chumba chenye wanaume kumi na wanane na yeye peke yake, kuna mambo hatayasema, na mara nyingi hayo ndiyo mzizi. Kikundi cha wanawake kikipatikana, hata cha mtandaoni, akichukue kwanza. Sponsa wake awe mwanamke. Huo ni utaratibu wa kawaida wala si kudharau mtu. Mwanaume anayeanza kumpigia mgeni wa kike simu za usiku kwa jina la kumsaidia hafanyi kazi ya kikundi, na kikundi kinachomwachia si salama.

Mke, mume au mzazi wa mnywaji ana kikundi chake: Al-Anon, kilichoanzishwa 1951. Humo hujifunza kwamba hakusababisha ulevi ule, hawezi kuudhibiti, wala hawezi kuuponya. Nawaomba familia: kabla ya kumburuta mtu AA kwa nguvu, nendeni ninyi Al-Anon, hata bila yeye kujua. Mnaweza kufanya hivyo wiki hii, bila kusubiri akubali.

Kuamua

Hudhuria vikundi viwili au vitatu tofauti, na kila kimoja zaidi ya mara moja, kwa sababu mkutano uleule hubadilika kufuatana na msemaji. Kaa mbele, fika mapema kidogo, ubaki kidogo baada ya kufunga. Ondoka bila kugeuka nyuma pale unapoombwa ada ya kujiunga, unapouziwa dawa ya mitishamba ya kukinaisha pombe, unapokopwa pesa, au unapoambiwa uache dawa ulizoandikiwa na daktari za msongo au kifafa. AA yenyewe inawaonya wanachama wake wasijifanye madaktari.

Kutafuta, aliye Kenya apige 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya Kenya ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, inayopokewa saa 24, aulize vikundi vya karibu. Mahali pengine, AA ina programu ya simu iitwayo Meeting Guide, inayoonyesha mikutano kwa eneo. Thibitisha kwa simu au ujumbe kabla ya kupanda gari, maana kumbi hubadilika.

Na pasipo na kikundi kabisa? Kwa desturi ya AA, walevi wawili au watatu wakikutana kwa ajili ya kuacha pombe wanaweza kujiita kikundi, mradi hawako chini ya taasisi nyingine kama kikundi. Darasa la shule Jumamosi saa nne asubuhi linatosha. Msibadili siku wala saa katika miezi ya mwanzo, hata mkibaki wawili. Saa hiyo na namba moja ya simu mwachieni muuguzi wa zahanati, kwa sababu yeye ndiye atakayemwona wa tatu kabla yenu.